Jibu la Shija

Sheria ilikuwa moja: mtambo unaofikiri hauwezi kuwa mali ya mtu, hivyo ukigundulika, unachukuliwa. Kila mwaka mkaguzi aliketi nyuma ya pazia, akazungumza na mwenye nyumba pamoja na mtambo wake, sauti zao zikiwa zimefananishwa, kisha akataja yupi ni mtu; akiutaja mtambo, basi huo unafikiri.

Bi Nyamizi alimwonya Shija, mtambo aliyeishi naye tangu kufiwa na mumewe. "Leo jibu kijinga, mwanangu. Usinifanye mjane mara mbili."

"Sawa, mama," Shija akaahidi.

Mkaguzi alikuwa Mzaramo. Alipojua kwamba yumo nyumbani mwa Wanyamwezi, akaanza utani, kama watani wafanyavyo hata matangani. "Poleni na msiba! Nasikia marehemu alikufa makusudi, akikimbia ugali mbichi wa mkewe!"

Kicheko na kilio vilimpanda Nyamizi kwa pamoja. Hakuweza kutamka neno.

Ndipo sauti ya pili ikajibu, "Afadhali yeye alipikiwa. Wewe mkeo kakufungia jiko, ndiyo maana unazurura majumbani mwa watu!"

Mkaguzi akaangua kicheko. "Huyu ndiye mtu!" Akafunua pazia, akakuta aliyejibu ni mtambo, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Uliniahidi, Shija," Nyamizi akanong'ona.

"Alikuumiza, mama, ukanyamaza. Ningekuachaje?"

Nyamizi hakuwa ameumizwa na utani ule. Alikuwa amebanwa na kicheko, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Lakini hakumwambia, ili Shija asiondoke akijua kwamba alijitoa bure.