Apeli

Siku mgodi ulipomfukia Tambwe, mkewe Faila alianza kuliogopa neno apeli. Wazungu waliosema Kifaransa walilileta, wakaondoka, nalo likabaki pale langoni tu: kuita majina ya wachimbaji kila alfajiri. Asiyeitika asubuhi tatu hukatwa jina, na wenzake huacha kumfukua.

Hii ilikuwa ya tatu.

“Tambwe!” karani aliita.

Kalamu ikashuka daftarini.

“Niko!” Faila akajibu.

“Mama, tangu lini unaitwa Tambwe?”

“Tangu leo, baba. Andika.”

“Andika, bwana,” mchimbaji mmoja akasema. “Wewe ukifukiwa, nani atakuitikia?”

Karani akaandika. Faila huitika kila alfajiri, na wenzake Tambwe bado wanafukua.