Bakuli la Siwatu

Daktari alimkataza Siwatu nazi, ngano, maziwa na maharage kwa mwezi mzima, ajue ni kipi kinachomsokota tumbo. Basi akawa anakula mhogo wa kuchemsha peke yake jikoni, kwenye bakuli la bati, huku akiwasikia wengine wakicheka kwenye sinia.

Mwezi ulipokwisha, alipika wali wa nazi mwenyewe, akaupakua, akanawa, akaja mkekani. Mumewe, mama mkwe, mawifi na watoto walikuwa wameshalizunguka sinia, bega kwa bega.

"Sogeeni kidogo nami nikae, jamani."

Hakuna aliyesogea. Kitindamimba wake alikuwa akilishwa tonge na wifi.

"Bakuli lako lipo jikoni, mwanangu," alisema mama mkwe bila kuinua uso. "Nimeshakuoshea."

Siwatu akabaki amesimama, maji yakimchuruzika vidoleni.