Mama wa Ubatizo

Mlango wa sita nao ulifungwa kabla Zambeta hajamaliza salamu. Alimhamishia mtoto bega la pili, akasikia kifua chake kikikoroma, akashika njia ya mlango wa saba karibu akimbie.

Daktari alikuwa amesema wazi kwamba huenda mtoto asiione Jumapili. Miezi mitano sasa, na alikuwa hajabatizwa, kwa hiyo hakuwa hata na jina. Akifa hivyo atazikwa nje ya ukuta wa makaburi, kule wanakofukiwa mbwa. Padre Anestis alikubali kumbatiza siku hiyohiyo, kabla ya adhuhuri, lakini alitaka mama wa ubatizo. Na kijiji kizima cha Lithari hakikuwa na mwanamke wa kumshika mtoto wa haramu.

Wanakijiji walimsema tangu siku aliposhuka kwenye basi la kutoka mjini Patra na kichanga mkononi. Fundi cherehani wa miaka thelathini na minane, hana mume, hana mchumba, hana haya! "Hata maziwa Mungu kamnyima," walicheka, walipomwona akimnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Yeye aliendelea na kijiko chake. Ndimi za kijiji kile mimi nazijua; zinakata bila mkasi.

Mlango wa saba ulikuwa wa Bi Garifalia, mwenye mdomo kuliko wote.

"Na kwangu umethubutu kuja!" alifoka. "Nilikupa binti yangu umchunge mjini mwaka mzima ajifunze kushona, kumbe wa kuchungwa ni wewe! Leo kapata mchumba wa heshima, ndiyo unataka aje akushikie hicho?"

Nyuma yake Asimina, binti mwenyewe, aliweka sinia chini. Alisogea, akanyoosha kidole, akaugusa unyayo wa mtoto.

"Siwezi, dada Zambeta," alisema. "Unajua siwezi."

"Najua, mdogo wangu."

Mlango ukafungwa. Mtoto akakohoa, midomo ikaanza kugeuka buluu. Zambeta alisimama katikati ya njia akalia kwa sauti, bila kujali nani anachungulia. Kisha alikaza kitambaa kichwani, akaelekea kanisani. Wanawake walitoka majumbani mmojammoja wakamfuata, wasije wakakosa kuiona aibu. Hata Asimina alitoka, bila viatu, mama yake akimkimbilia nyuma.

Maji yalikuwa tayari kwenye birika la ubatizo. Padre alitazama nyuma ya Zambeta.

"Yuko wapi wa kumshika?"

"Nitamshika mimi, Padre."

Bi Garifalia aliangua kicheko humohumo kanisani.

"Mwanangu, usinitie dhambini," Padre alisema kwa upole. "Mama hamsimamii mtoto wake mwenyewe. Mama anangoja mlangoni, aletewe jina. Ndivyo tulivyokuta."

Zambeta aligeuka. Asimina alikuwa amesimama kizingitini, machozi yanamtiririka. Walitazamana kidogo, kisha Asimina akaitikia kwa kichwa.

"Najua, Padre," Zambeta alisema, huku akimvua mtoto nguo. "Anangoja."