Ngazi ya Kisulisuli

"Andika kikubwa," Fausta alimwambia mtaalamu. "Andika hakijawahi kutokea."

Agnella, mtaalamu wa hali ya hewa aliyetumwa kutoka mjini, alikuwa amepiga magoti kwenye tope la mpunga, akivuta futi kamba kutoka ukingo mmoja wa njia ya kisulisuli hadi wa pili. "Upana mita sitini, mama. Marekani kiliwahi kupita cha zaidi ya kilomita nne."

"Kwani hapa Marekani?"

Watu wakaangua kicheko, lakini Fausta hakuwa na hamu ya utani. Binti yake Dativa alikuwa amelazwa Ifakara na mguu uliovunjika. Paa la ukumbi wa kigango liling'oka wakati wa mazoezi ya kwaya, na ukuta ukawaangukia watoto. Ukumbi aliujenga Fridolin, mdogo wake Fausta wa tumbo moja, na sasa kijiji kizima kilinong'ona kwamba fundi alilipua kazi. Kama upepo ulikuwa wa kutisha, Fridolin hana kosa. Kama ulikuwa wa kawaida, basi mjomba ndiye aliyemvunja Dativa mguu, na jambo hilo Fausta asingeweza kuishi nalo.

"Nilifunga mikanda yote, dada," Fridolin alimwapia huku akilia. "Upepo umeibeba."

Mikanda hiyo Fausta aliijua vizuri. Wakati wa ujenzi kila jumuiya ya waumini ilitoa kitu chake na kukipaka rangi yake, ili Jumapili watu wapate cha kutambiana. Wa Mtakatifu Anna walitoa milango, wakaipaka kijani. Jumuiya ya Fausta ilitoa mikanda ya chuma ya kufungia kenchi za paa kwenye ukuta, naye aliipaka bluu kwa mkono wake, mmoja mmoja, mpaka kucha zikabadilika rangi.

"Mnapimaje upepo ulioshaondoka?" aliuliza Evod, katekista.

"Kwa ulichovunja, na kwa ulichoshindwa kuvunja," alijibu Agnella. "Ngazi ni sifuri mpaka tano. Hapa migomba imelala, lakini mitiki yote imesimama. Hiki ni cha ngazi ya kwanza, tena nimekipendelea."

Fausta alipandwa na hasira. "Cha ngazi ya kwanza ndicho kimebeba vyuma?"

"Hata mimi nashangaa. Mabati tumeyaokota yote. Mkanda sijaona hata mmoja." Agnella alinyoosha kidole kwenye nyumba iliyokuwa katikati kabisa ya njia ya kisulisuli. Haikupoteza hata bati moja. "Na ile ya nani?"

"Yangu!" Kwa mara ya kwanza siku hiyo Fausta alitabasamu. "Paa lile alinijengea huyuhuyu mnayemsema. Alinipa zawadi, na dari akaniwekea. Twende ukaone kama mdogo wangu ni fundi wa kulipua."

Fridolin aliwafuata mbiombio hadi mlangoni. "Dada, dari bado mpya hiyo. Mtaiharibu bure."

"Acha waone!" alisema Fausta. Alisogeza meza mwenyewe, akamshikia Agnella kiti. Moyo wake ulikuwa umepoa. Leo kijiji kitamwomba mdogo wake radhi.

Agnella alipanda, akasukuma kipande cha dari, akamulika kwa simu.

"Kazi safi, mama," alisema akiwa kichwa juu. "Kila kenchi imefungwa mkanda wake. Halafu fundi wenu ana mbwembwe, mpaka huku kusikoonekana kapaka bluu."

Fausta aligeuka kumtazama mdogo wake. Mlangoni hapakuwa na mtu.