Uzi wa Manjano

Dawa mpya ya kisukari iliumiza ini la Bi Siwema, fundi cherehani, hadi macho yake yakawa ya manjano. Daktari aliisimamisha. "Ilizima mitokondria, vinu vya nguvu ndani ya seli za ini," alieleza. "Seli zilizobaki zitajijenga. Tusubiri."

Wifi yake aitwaye Mgeni, fundi mwenzake, hakupenda kukisia. Kila Ijumaa alilinganisha macho hayo na uzi, kama walivyolinganisha vitambaa. Ijumaa ya kwanza ulilingana uzi wa rangi ya bizari. Ya nne, wa ndizi mbivu.

"Leo je?" Siwema aliuliza Ijumaa ya nane.

"Tulia, usipepese!"

Mgeni alijaribu nyuzi tatu, akacheka.

"Wifi, kwenye boksi la manjano sina tena uzi wako."

Akafungua dirisha apate mwanga, akachukua uzi mweupe, ukalingana.