Hodi ya Nyundo

Kwa miaka thelathini Mzee Shebwana aligonga bati uani, akiunda ndoo, na masikio yake yalishaizoea nyundo hata hayakuisikia tena. Mtaa mzima ulikuwa hivyo hivyo. Ila kwa bintiye Mwanakheri, tangu augue, kila pigo lilikuwa la kwanza. Nyundo ikilia, hukimbilia mlangoni, akafungua, akaitikia, "Karibu!"

Leo nyayo zake zilikuwa zinatoka damu kwa kukimbia huko.

"Ni nyundo yangu, mwanangu. Hakuna mgeni."

"Mtu anabisha hodi, baba, nimwache nje?"

Mzee akaiweka nyundo chini. Ua ukanyamaza.

Mwanakheri akafungua tena. "Karibu," akasema kwa upole, akasogea kando kumpisha mgeni asiyeonekana.

Mzee akajikuta anafuta kigoda vumbi.