Jina Lisilo na Mwenyewe

Siku mtoto alipotimiza arobaini, Bi Nyamizi alifika kwa mwanawe na ushanga mweusi aliomtungia mjukuu kwa mkono wake mwenyewe, akiamini ni somo wake, amepewa jina lake. Mkwewe, Yusta, akamkabidhi mtoto, kisha akamwambia wamempa jina la Aylin.

“Ndiye nani huyo?”

“Si mtu, mama. Nimelipata kwenye simu. Ni la Kituruki, maana yake ule mwanga unaozunguka mwezi.”

“Na Waturuki wana undugu gani na sisi? Kwetu jina lina mwenyewe.”

Yusta aliendelea kukunja nepi.

“Wa kwanza tulimpa lako, mama. Tukamzika ana meno mawili. Hili nimeuliza mji mzima, hakuna kaburi lenye jina hili. Ndiyo maana nimelipenda.”

Bi Nyamizi aliushika mkono wa mtoto, akaufunga ule ushanga, fundo la kwanza, kisha la pili. Halafu akalitamka jina lile polepole, kwa ncha ya ulimi, kama mtu anayeonja uji wa mtoto kujua kama bado ni wa moto.